Radi Yenye Miguu Miwili

Enzi zetu mtoto wa kike hakununuliwa mwanasesere. Ukitaka mtoto wa kucheza naye, ulichukua kibuyu, ukakifunga mgongoni kwa kipande cha shuka, ukazunguka nacho boma zima ukikibembeleza kisilie. Kibuyu kilikuwa na shingo, kilikuwa na tumbo, na kikikaa juani kidogo kilipata joto la mtu. Wajukuu wangu nikiwaambia haya wananitazama tu, halafu wanarudi kwenye simu zao. Siwalaumu. Nimechoka hata kulaumu. Mtu akiumaliza umri wake wote ameinama kwenye cherehani, anajifunza kuchagua mambo ya kukasirikia.

Mimi ni Chebet, fundi wa nguo hapa Roret. Kama ulisoma shule yoyote ya karibu, huenda sare yako niliishona mimi, na kama ilikubana kwapani, nisamehe, mama yako alisema nisipoteze kitambaa. Wale wa rika langu watakumbuka jinsi kijito kilivyotugawa. Huku kwetu yalikuwa mashamba madogo madogo, mahindi hapa, wimbi pale, ng'ombe wawili watatu kwenye mteremko. Ng'ambo ilikuwa estate ya majani chai, imekatwa yote kimo kimoja, na juu yake nyumba ya meneja yenye paa jekundu. Uhuru ulikuwa umekuja, tena tuliuimbia shuleni mpaka tukapoteza sauti, lakini meneja alikuwa yule yule mzungu, na baba yangu aliyefanya kazi kiwandani bado alivua kofia kabla hajafika getini.

Shuleni nako tulifundishwa kuchora. Mwalimu alituchorea ubaoni nyumba yenye bomba la moshi na kando yake mti wenye matofaa, nasi tukachora nyumba yenye bomba la moshi na mti wenye matofaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona tofaa. Siku moja nikachora kibuyu cha nyumbani, na mkanda wake, na simbi zake. Mwalimu akakitazama, akaniambia kwa upole kwamba vitu vya jikoni havichorwi, nichore chombo cha maua. Nikachora chombo cha maua. Kilitoka na umbo la kibuyu, nikapewa alama mbovu.

Nililelewa na Kogo. Sisi Wakipsigis nyanya tunamwita kogo, na huyu wangu alikuwa mama wa baba. Jina lake Taprandich. Alipobatizwa aliongezewa Rakeli, lakini Rakeli alikuwa wa Jumapili. Siku sita zilizobaki alikuwa Taprandich na vibuyu vyake vya maziwa. Kibuyu hicho ndicho tunachokiita sotet, na kazi yake si mchezo. Kwanza kinasuguliwa ndani kwa kijiti kirefu chenye nyuzi nyuzi kwenye ncha. Kisha tawi la mti tuuitao senetwet linachomwa, mkaa wake unasagwa humo humo ndani mpaka kuta zigeuke kijivu. Ndipo maziwa yanaingia, yanafungwa, na mtu anayaacha yafanye mambo yake. Mursik ya Kogo, ndiyo maziwa hayo yakishaganda, ilikuwa na harufu ya moshi iliyokukaribisha kutoka nje ya mlango. Hii ya siku hizi ya chupa za plastiki, nimeinywa harusini, nikatabasamu, nikaweka chini.

Vilikuwa vinane, vimening'inizwa ukutani kwenye misumari. Kimoja ndicho alichokipenda. Alikipanda mwenyewe mwaka aliomzaa baba yangu, na kilipokuwa bado kichanga kwenye mmea wake alikifunga kamba shingoni ili ikue nyembamba na kuinama kidogo. Shingo hiyo aliivisha mkanda wa ngozi wenye simbi tatu. Hicho hatukuruhusiwa kukifunga mgongoni. Alituambia mara moja tu, na Kogo akisema mara moja ilitosha.

Shanga zingine hakuwa nazo, au ndivyo watu walivyojua. Kabla sijazaliwa, mhubiri wa misheni alikuwa amesimama akasema kwamba ngozi zenye shanga na yale mapambo ya masikio ni mambo ya giza, aliyeokoka ayalete yachomwe. Wamama wakayaleta. Kogo naye alipeleka vazi lake la ngozi la harusi likachomwa nyuma ya kanisa. Lakini usiku uliotangulia alikata shanga zote moja moja, akaziweka kwenye mkebe wa kakao, akauzika ndani ya debe la wimbi. Mhubiri alichoma ngozi tupu. Masikio ya Kogo, yaliyotobolewa na kuvutwa tangu usichana, yalibaki yakining'inia bila kitu. Nikiwa mdogo nilimuuliza mbona yako hivyo. Alisema yamestaafu.

Na badala ya shanga wakaletewa maua. Kila Jumatano mke wa meneja, memsahib tulivyomwita, alikuja kanisani kuwafundisha wamama kudarizi vitambaa vya meza. Walidarizi maua ya waridi ya kwao, yenye majani mawili huku na huku. Kogo, ambaye mkono wake ulijulikana kuanzia hapa mpaka ng'ambo ya Bureti kwa ushonaji wa shanga, alikuwa wa mwisho darasani. Waridi lake lilifanana na kabichi. Memsahib alilifumua kwa subira, akamrudishia, na Kogo akashona kabichi nyingine. Nadhani alifanya makusudi, lakini hakukubali mpaka anakufa.

Sasa, siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano, Kogo yuko kwenye maua yake. Tulikuwa tunacheza mama na watoto, mimi na binamu yangu, na binamu alikuwa ametoka kwao na kibuyu kikubwa chenye kifuniko kipya. Akaanza kujisifu mtoto wake alivyo mnene. Mimi nikaona haya kukifunga mgongoni kibuyu kidogo kilichopauka. Nikaingia ndani, nikasimama juu ya kigoda, nikakishusha kile cha shingo nyembamba. Nilijua ninachofanya. Sitadanganya kwamba nilikuwa mtoto sikujua.

Nilipendeza nacho. Tulikwenda mpaka kijitoni kuwasalimia wageni wa kufikirika, tukawapikia ugali wa matope, tukawateta walipoondoka. Tukiwa huko, mvua ya mawe ikaanza. Wa upande wa majani chai mnaijua mvua yetu ya mawe, haipigi hodi. Binamu akakimbilia kwao, mimi nikakimbilia kwetu, mawe yakinigonga kichwani, na pale kizingitini mguu ukateleza. Niliangukia magoti, kifungo cha sare yangu kikaruka, na kibuyu kikatoka kwenye shuka kikapita juu ya bega langu.

Sauti ya kibuyu kupasuka ni ndogo sana. Kak, basi. Nilikiokota. Ufa ulianzia chini ya shingo, ukashuka tumboni ukienda kulia, ukarudi kushoto, ukaenda tena kulia. Hakikuvunjika, lakini maziwa yasingekaa humo tena. Nikakiweka sakafuni chini ya msumari wake, nikakaa mbali nacho kana kwamba hatujuani.

Kogo aliingia amelowa, kitambaa cha kabichi kimefunika kichwa. Akakiona. Na wakati huo huo radi ikapiga juu ya kiwanda, mabati yote yakalia, nami maneno yakanitoka.

"Ni radi, Kogo. Ilipiga, kikaanguka."

Akakitazama kibuyu. Akatazama magoti yangu yenye matope na damu, akatazama shuka iliyokuwa bado imefungwa mgongoni kwangu, na ncha mbili za fundo lake zikining'inia kifuani. Akaniambia nivue hiyo shuka niikaushe, akanichemshia maziwa. Nilikunywa maziwa yale kwa taabu. Afadhali angenichapa.

Kesho yake alinituma kwa mjomba nikalete kano kavu la ng'ombe. Alichoma chuma chembamba motoni, akatoboa vitundu kando kando ya ufa, viwili viwili, kila kimoja akikipuliza vumbi. Kisha akashona kwa kano, akivuta taratibu mpaka kingo zikakutana, akaziba kwa ulimbo. Nikadhani kazi imeisha. Ndipo akaenda kwenye debe la wimbi, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa mkebe wa kakao.

Sikuwahi kuona rangi kama zile ndani ya nyumba yetu. Nyekundu, nyeupe, buluu ya mbingu ya asubuhi. Alizimwaga kwenye ungo, akazitazama kwa muda, mikono magotini. Halafu akaniita nikae karibu, nizitunge kwenye uzi kadiri atakavyotaja rangi. Siku nne tulishona, akitoka shambani mchana. Kila ufa ulipokunja, shanga zilikunja nao. Alikuwa akiimba kwa pua, wimbo wa kanisani, lakini kwa mwendo mwingine ambao kanisani hawakuuimba. Hapo ndipo nilipojifunza kushika sindano. Cherehani niliipata baadaye, lakini mkono niliupata pale, na nimekula kwa mkono huo maisha yangu yote.

Siku ya mwisho shanga nyeupe zikaisha, na palikuwa pamebaki pengo moja karibu na shingo. Kogo akapapasa sakafu pale kizingitini, akaokota kifungo changu cha sare, akakishona hapo. Nikaenda shule bila kifungo mpaka muhula ukaisha.

Alipomaliza alikiinua kwenye mwanga wa mlango. Alisema, akiongea na kibuyu zaidi kuliko mimi, kwamba kitu kizima mhubiri angeuliza kwa nini kinavishwa shanga. Lakini mshono, nani atakataza mshono kufunikwa? Kisha akanigeukia.

"Na hiyo radi yako, Chebet, ina miguu miwili."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikalia. Hilo ndilo lililokuwa jambo letu, hatukulizungumza tena na mtu.

Haukupita muda mrefu memsahib akatutembelea. Alikuwa anapita nyumba za wanafunzi wake wa kudarizi, akifuatana na mpishi wake, mzee Ouma, mtu wa kule ziwani aliyekuja kufanya kazi estate na kuota mizizi. Ouma ndiye aliyetafsiri. Alijua Kiingereza cha jikoni na Kiswahili kizuri, Kikipsigis chake kilikuwa cha kuombea chumvi. Memsahib akainama, akaingia, akapewa kigoda, macho yake yakapanda ukutani yakakwama. Akasimama tena. Akagusa zile shanga kwa kidole kimoja, polepole, mtu anavyomgusa mtoto aliyelala.

Akauliza mstari huu maana yake nini. Ouma akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa nasoma na Kiswahili nilikielewa. Kogo akanitazama. Nilijua mambo mawili. Nikisema ufa, nitakuwa nimejitangaza mwizi mbele ya wageni. Na nikisema shanga zimeshonwa juzi, memsahib atalifikisha kwa mhubiri, na mhubiri atauliza zimetoka wapi. Nikasema, "Radi."

Ouma akatafsiri. Memsahib akafurahi sana, akalirudia neno kwa Kiingereza, akatoa kijitabu kwenye mkoba, akaandika. Akauliza na hiki cheupe? Mimi, kwa kuwa uongo ukishaanza unapata joto, nikasema ni jiwe la mvua. Akaandika tena. Halafu akakiomba. Aliomba kwa adabu, siwezi kusema alinyang'anya. Lakini baba yangu alikuwa kiwandani kwa mume wake, na katika nyumba ile hakukuwa na mtu wa kusema hapana. Ndio mambo ya enzi zile, kuombwa na mtu usiyeweza kumkatalia. Zile zile shanga zilizokuwa giza mwilini mwa Kogo zilikwenda kuwa pambo sebuleni kwa memsahib.

Kogo alikiosha mwenyewe. Alikifuta, akakipaka samli kidogo ing'ae, akampa kwa mikono miwili. Memsahib akatupa flaski ya chai, yenye maua ya waridi. Walipofika kijitoni nikaanza kumwomba Kogo msamaha, akanikatisha.

"Wacha aende na radi. Ufa ni wetu."

Kogo alijaribu kuweka mursik kwenye ile flaski. Alitia mkaa, akatia maziwa, akafunga, akangoja siku zake. Ilipofunguliwa tulitoka nje wote, na mbwa akatoka. Alicheka siku hiyo, lakini ule msumari hakuutundikia kibuyu kingine. Aliuacha ukutani ukiwa mtupu, na kila nilipoamka ndicho kitu cha kwanza nilichokiona. Alipofariki nilikuwa msichana mkubwa, nimeanza kujifunza ufundi kwa mama mmoja sokoni. Meneja na mke wake walikuwa wamerudi kwao zamani, na kibuyu wamekwenda nacho. Ile samahani aliyonikatisha sikuimalizia.

Basi, mwaka jana akaja Cherono. Ni binti wa hapa hapa, mjukuu wa rafiki yangu, ameajiriwa ofisi za kaunti kule Bomet, mambo ya utamaduni. Ni mtoto mzuri, ananiita Kogo, kucha zake ni ndefu mpaka najiuliza anachambuaje mboga za managu. Alileta kazi: nguo arobaini za wasichana wa shule watakaocheza siku ya kufungua nyumba mpya ya utamaduni. Kila nguo iwe na shanga mgongoni, mchoro mmoja, wa kale, wa mababu. Akanionyesha kwenye simu.

Niliisogeza simu karibu na macho. Ulikuwa ule ufa. Kulia, kushoto, kulia, na karibu na shingo kifungo changu.

Kumbe kiko ng'ambo ya bahari, kwenye nyumba ya makumbusho, ndani ya sanduku la kioo. Cherono akanisomea maandishi ya chini. Chombo cha tambiko cha Walumbwa, hilo likiwa jina ambalo wakoloni walitubandika na wazee wetu walilichukia. Mchoro wa radi takatifu. Duara jeupe ni ishara ya jiwe la mvua. Mtengenezaji hajulikani.

Nilicheka, nikaona aibu ya kucheka. Uongo wangu wa darasa la tatu umewekewa kioo na taa. Watu wazima wenye miwani wamesimama mbele yake, wamesoma, wamekubali kwa kichwa. Na wa kwetu nao, hawakuniuliza mimi wala mtu wa rika langu, wameunakili kutoka huko huko wakaurudisha nyumbani kuwa mila. Tayari ulikuwa umechorwa kwenye geti la ile nyumba ya Bomet, rangi ya mafuta, mkubwa kuliko mtu.

Nilipomwambia Cherono kile ni kibuyu cha nyanya yangu, aliruka kwa furaha. Ofisi yao ilikuwa imeandika barua kukidai. Wenye makumbusho walikuwa wamejibu kwamba vitu vitakatifu, vya ibada, wako tayari kuvirudisha, lakini vyombo vya kawaida vya nyumbani hapana, vitabaki. Kilichokosekana ni ushahidi wa mtu mzima wa hapa, aeleze alivyosikia kwa wazee kuhusu radi hiyo, aweke sahihi. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafutwa. Nikamwambia nina cha kueleza, lakini sicho hicho. Nikamsimulia yote, mpaka kifungo.

Furaha ikamtoka usoni polepole. Alisema, kwa heshima, kwamba stori hiyo ni tamu lakini itaharibu kila kitu. Nikasema basi waandike angalau jina la Kogo, radi ibaki. Akatikisa kichwa. Kitu cha ibada ya mababu hakiwezi kuwa na mwenyewe ambaye wajukuu wake wako hai na wanashona sare. Kikipata jina, kimekuwa kibuyu cha maziwa kilichoshonwa, na kibuyu cha maziwa hakirudi. Akaniachia karatasi nifikirie, akarudi Bomet.

Karatasi ile ilikaa chini ya mkasi wangu wiki mbili. Sitasema nilikuwa jasiri. Nilikitaka kibuyu, nilikitaka kwa tamaa, nikione, nikinuse kama mkaa bado umo. Mguu wangu uliteleza kikatoka kwetu, na sasa sahihi moja tu ingekirudisha. Na Kogo mwenyewe alisema wacha aende na radi. Si alikuwa ameshanipa ruhusa? Kila nilipokanyaga cherehani nilibishana naye. Kisha nilikumbuka kwamba alisema maneno mawili, na la pili ni kwamba ufa ni wetu.

Walimvua masikio. Walimvua ngozi yake ya harusi. Kila Jumapili walimvua na jina. Nikiweka sahihi hapa kwamba mtengenezaji hajulikani, mimi niliyemtungia shanga kwa vidole hivi, nitakuwa nimemvua kilichobaki, tena mjukuu wake, tena kwa ajili ya kuficha tena kosa lile lile. Nilimpigia Cherono aje.

Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, kalamu mkononi, nikamtajia taratibu: nani alikipanda, nani alikivunja, nani alikishona, shanga zilitoka wapi na kwa nini zilifichwa. Aliandika kurasa tatu. Mwisho akainua uso.

"Kogo, nikiandika hivi hakirudi. Unajua?"

"Najua. Andika jina lake kwanza, hapo juu."

Majibu yalichukua miezi. Wakati huo habari zilienea, na wengine hapa sokoni wakaninunia. Mzee mmoja wa kanisa letu, mtoto wa mtoto wa watu waliochoma zile ngozi, alinilaumu kwamba nimeuza utamaduni wetu. Niliendelea kushona. Nguvu za kumjibu mtu kama huyo nilikuwa nazo nikiwa na miaka arobaini.

Walijibu kwa adabu. Walishukuru, wakasema kibuyu kitabaki kwao, na wamebadilisha maandishi. Cherono akaniletea picha. Walumbwa wameondoka, wameandika Wakipsigis. Radi imeondoka. Kibuyu cha maziwa, kilipandwa, kikapasuka, kikatengenezwa kwa shanga ambazo mtengenezaji alikatazwa kuvaa. Na chini yake jina. Tabrandich.

Kwa b. Cherono aliandika alivyonisikia, na mimi p na b kinywani mwangu ni mapacha, kama wewe ni Mkipsigis mwenzangu unajua. Akataka kulia, akasema ataandika barua nyingine warekebishe. Nikamwambia aache kwanza. Kogo hakujua kusoma, na hata yeye alipojitaja alisema hivyo hivyo. Lakini Cherono alipoondoka nilikaa na ile picha, nikalisoma jina kwa sauti, nikamalizia samahani yangu.

Enzi zetu kitu kilipasuka, kikashonwa, kikarudi kazini. Siku hizi sotet inauzwa kando ya barabara imepakwa vanishi na rangi za bendera, nzuri kwa kutundika, haijawahi kuonja maziwa. Vijana wanampokea nayo mkimbiaji mshindi kwenye uwanja wa ndege, wanapiga picha, na sikatai, inapendeza. Lakini ukiwauliza senetwet ni mti gani wanauliza simu. Nasi tulioujua tunakwisha mmoja mmoja, na tulipokuwa na nguvu za kuwafundisha tulikuwa tunawanunulia vitambaa vya waridi vya kufunika makochi. Mimi mwenyewe ninacho.

Nguo arobaini nilizimaliza. Geti lilikuwa limeshachorwa, wasichana walikuwa wameshajifunza kucheza, ningefanyaje. Walikuja kujaribisha hapa dukani, wakisukumana mbele ya kioo. Mmoja mdogo, wa darasa la tatu hivi, alijipindua kutazama mgongo wake, akapitisha kidole kwenye shanga, kulia, kushoto, kulia. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni ufa.

"Lakini mwalimu alisema ni radi, Kogo."

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni napima pindo lake, pini mdomoni. Nikazitoa, nikamwambia ndiyo, ni radi, lakini ile ilikuwa na miguu miwili, na sasa magoti yanaiuma, hebu ipe mkono isimame.